Bomba la hita ya gesi linapotoa maji: dohani ya wima, mabomba mawili, au bomba ndani ya bomba?

Kilo moja ya gesi ya mtungi ikiungua vizuri hutoa lita 1.6 hivi za maji, yakiwa mvuke. Mtungi wa kilo 13 basi unabeba lita 20 na ushei za maji usiyoyaona, na yote hupitia bomba la moshi. Hita ya kawaida ya kupasha maji, ya lita 10 kwa dakika, moto ukiwa juu, hula kilo 1.7 hadi 1.9 kwa saa. Mtu akioga dakika kumi, karibu nusu lita ya maji imepanda bombani. Mvuke ukitoka nje wote, hakuna atakayejua kama ulikuwepo. Ukipoa njiani ndipo dari inaota madoa, ukuta unachirizika kutu, feni inakoroma, na hita inazima katikati ya kuoga.

Kwa hiyo anayechagua bomba anachagua maji hayo yaende wapi. Bei na umbo vifuate baada ya swali hilo kujibiwa. Hapa tunalinganisha njia tatu ambazo mwenye nyumba wa Kampala, Entebbe, Jinja, Mbale, Fort Portal au Kabale anaweza kuwekewa: dohani moja ya wima inayovuta yenyewe, mabomba mawili yenye feni, na bomba ndani ya bomba. Maelekezo mengi yanayokuja na hita na boila hizi yameandikwa kwa nchi za baridi. Kurasa za barafu unaweza kuziruka, lakini itabidi uongeze mambo ambayo hayamo: mvua ya upepo, nzi wa ziwani, mwinuko wa nchi na umeme unaokatika.

Kwanza ujue maji yako yanatoka wapi

Maji ya bombani ni ya aina tatu, na dawa ya moja haiponyi nyingine.

Ya kwanza ni mvuke wa moshi uliopoa. Moshi wa gesi ya mtungi huanza kuacha maji ukishuka chini ya nyuzi 50 hivi za Selsiasi. Kiwango hupanda au kushuka kidogo kulingana na hewa ya ziada iliyochanganyika nao. Hita ya kawaida hutoa moshi wa nyuzi 130 hadi 200, kwa hiyo moshi wenyewe una joto la kutosha. Tatizo ni bomba. Bati lililolala usiku kucha juu ya paa lina nyuzi 15 au chini yake, na dakika za mwanzo mvuke hugeuka matone kwenye kuta zake. Mtu akioga muda mrefu, bomba hupata joto na kujikausha. Anayefungua maji ya moto sekunde ishirini kuosha vikombe, akafunga, kisha akafungua tena, analilowesha kila mara na halikauki hata mara moja. Ndiyo maana nyumba ya watu wanane wanaooga kwa zamu inaweza kuwa na bomba kavu, na ya mtu mmoja anayenawa tu ikawa na bomba linalodondosha.

Ya pili ni jasho la nje ya bomba la hewa. Alfajiri ya Kabale yenye nyuzi 11 ikivutwa ndani ya bomba linalokatiza jikoni penye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 80, bomba hilo litatoa jasho, kwa sababu hewa ya jikoni hiyo huanza kuacha maji kwenye nyuzi 16 na kitu. Maji haya hayana asidi wala hayaidhuru hita, ila yanaozesha kabati na dari. Livike bomba sponji nyeusi, ile inayovikwa mabomba ya AC, unene wa milimita 13 au zaidi, na viungo vyake uvifunge kwa tepu bila kuacha pengo.

Ya tatu ni mvua. Kati ya Machi na Mei, na tena Septemba hadi Novemba, mvua ya upepo hupiga ukuta kwa ubavu na kuingia kwenye mdomo wowote ulioelekezwa vibaya. Paa la mabati nalo huvuja pale bomba linapolitoboa.

Ukitaka kuzitofautisha, andika kwa wiki moja saa ambazo maji yanaonekana. Yakitokea siku kavu baada ya hita kuwaka, ni ya moshi. Yakitokea baada ya mvua hata kama hita haikuguswa, ni ya mvua. Jasho huonekana alfajiri, nje ya bomba, na ukilifuta kwa kitambaa linarudi. Maji ya moshi huacha pia alama yake: unga mweupe kwenye zinki na alumini, na michirizi ya kahawia kwenye chuma.

Vipimo vya kulinganishia

Kila njia tumeipima kwa mambo yale yale: maji yanaelekea wapi, hewa ya kuunguzia inatoka wapi, bomba linapita njia gani na kwa urefu upi, linahitaji umeme au la, na nini huharibika.

Kabla ya hapo, lijue jambo moja kuhusu hita yenyewe. Hita za kawaida hutoa moshi wa moto na maji kidogo. Hita na boila za kondensi huupoza moshi makusudi ndani yake ili kukamua joto la mwisho, kwa hiyo hutoa maji mengi. Ya kilowati 20 ikifanya kazi vizuri inaweza kumwaga zaidi ya lita moja kwa saa. Maji hayo yana asidi, pH yake huwa kati ya 3 na 5, na hula zinki, chuma cha kawaida na saruji. Hita ya kondensi haifungwi kamwe kwenye dohani ya bati. Na bomba la plastiki la hita ya kondensi halifungwi kamwe kwenye hita ya kawaida.

La mwinuko nalo lisisahaulike. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, Kabale inakaribia 2,000. Hewa ya Kabale ni nyepesi kwa karibu asilimia 20 kuliko ya pwani, kwa hiyo kila mita ya ujazo inaleta oksijeni pungufu. Angalia kwenye kitabu cha hita kama inaruhusiwa kwenye mwinuko wako, na kama urefu wa juu wa bomba unapunguzwa. Hita isiyorekebishwa huwaka kwa mwali wa njano, hutoa masizi, na pamoja nayo monoksidi ya kaboni.

Njia ya kwanza: dohani ya wima inayovuta yenyewe

*Maji.* Bomba la milimita 110 hadi 130 hupandisha moshi kwa nguvu ya joto peke yake. Maji yakitokea hushuka chini, na huko chini ndiko iliko hita. Kwa hiyo bati la ukuta mmoja libaki sehemu ya ndani tu penye joto; kipande kinachopita juu ya dari na kutokeza juu ya mabati kiwe cha kuta mbili, zenye nafasi kati yake ya kuzuia joto lisipotee. Kama bomba linalala kidogo kabla ya kupanda, funga tii (kiungo chenye umbo la T) chini ya sehemu ya wima, mdomo wake wa chini uwe na kifuniko na kimrija cha kutolea maji, ili matone yasirudi kwenye kibadilisha joto, ile sehemu ya hita inayopasha maji.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea viungo. Mwisho mwembamba wa kila kipande unapaswa kuelekea chini na kuingia ndani ya kipande kilicho chini yake, maji yakiteremka yabaki ndani. Wengine hugeuza wakidhani wanazuia moshi. Dohani inayovuta sawasawa hunyonya hewa kupitia viungo vyake na haisukumi moshi nje, lakini maji hayachagui, hutoka kwenye kila kiungo kilichogeuzwa na kuchirizika hadi kwenye dari. Kipande chenye mshale wa mtengenezaji, fuata mshale.

*Hewa.* Inatoka chumbani. Hita ya lita 10 inahitaji karibu mita za ujazo 30 za hewa kwa saa ya moto mkali, bila kuhesabu ile ya ziada inayoingia kwenye dohani. Hivyo chumba kinahitaji matundu mawili ya kudumu, moja karibu na sakafu na jingine karibu na dari. Ukiweka wavu wa mbu, ongeza ukubwa wa tundu, maana wavu hula nafasi na hujaa vumbi. Kuziba tundu kwa polithini ili mbu wasiingie ni hatari ya kifo. Hita ya namna hii haiwekwi bafuni wala chumba cha kulala, hata kwa muda.

Mahali pa kufulia pia si pazuri. Mvuke wa jiki na dawa nyingine zenye klorini ukipita kwenye moto hugeuka asidi kali ya hidrokloriki, na hiyo hutoboa hata chuma kisichoshika kutu.

*Njia.* Bomba lipande wima angalau sentimita 60 kabla ya kiwiko cha kwanza, viwiko visizidi viwili, sehemu inayolala ipande sentimita 2 kwa kila mita, na juu ya paa litokeze sentimita 60 au zaidi likiwa na kofia. Haliwezi kutokea ubavuni mwa ukuta. Kwenye ghorofa ya chini ya jengo lenye wapangaji juu, njia hii karibu haiwezekani.

*Umeme.* Hapa inashinda wazi. Nyingi huwashwa kwa betri mbili kubwa za tochi, na umeme ukikatika watu wanaendelea kuoga.

*Kinachoharibika.* Zinki huliwa kwanza kwenye viungo na pale bomba linapotoboa mabati. Ndege hujenga kwenye kofia. Feni ya kutoa hewa jikoni nayo inaweza kuvuta moshi urudi ndani. Lipime hilo kwa udi: funga madirisha, washa feni ya jikoni, washa hita, subiri dakika tano, kisha sogeza udi uliowaka kwenye mdomo wa kofia ya hita, ile iliyo wazi juu ya hita pale bomba linapoanzia. Moshi wa udi uvutwe ndani. Ukikurudia usoni, zima hita na usiiwashe tena hadi ipatiwe ufumbuzi.

*Inamfaa* mwenye nyumba ya chini yenye stoo au veranda iliyofungwa nusu, anayeishi ambako umeme hautabiriki, na anayetaka vipuri ambavyo mafundi wa Katwe wanaweza kuvikunja kwa mkono.

Njia ya pili: mabomba mawili yenye feni

*Maji.* Bomba moja, mara nyingi la milimita 80, husukuma moshi nje. Jingine la kipimo hicho huleta hewa. Mteremko wa bomba la moshi hutegemea hita. Kwa hita ya kawaida literemke kuelekea nje, sentimita 1 hadi 2 kwa mita, matone yadondokee uani. Kwa hita ya kondensi ni kinyume: literemke kurudi kwenye hita, sentimita 5 kwa mita, ili maji yaingie kwenye trapu (kipinda kinachobaki na maji ili moshi usipite) na kutoka kwa bomba lake. Ukichanganya hizi mbili, ama unaidhuru hita isiyo na mahali pa kupeleka maji, ama unaacha asidi ichirizike kwenye ukuta wa nje.

Adui mkubwa wa njia hii ni tumbo la bomba. Plastiki iliyotundikwa kwa klipu chache hulegea katikati, sentimita mbili tu zinatosha, na maji hutulia hapo. Feni ikisukuma moshi juu ya dimbwi hilo utasikia bomba likikoroma. Dimbwi likijaa, hewa hukosa njia na hita huzima kwa alama ya hitilafu. Wengi hubadilisha bodi ya umeme ya hita au feni kumbe tatizo ni klipu. Funga klipu kila mita moja, na kabla ya kufunga dari pitisha pimamaji juu ya kila kipande.

*Hewa.* Inatoka nje, kwa hiyo chumba hakinyimwi oksijeni. Lakini bomba la hewa hapa limejitenga na la moshi na hubaki baridi, ndiyo maana jasho husumbua njia hii kuliko zote. Sponji ni lazima nyanda za juu, na hata Kampala kama bomba linapita juu ya jiko la kupikia. Mdomo wake wa nje uelekee chini, bomba literemke kuelekea nje, na karibu na hita uwepo mdomo wa kutolea maji ya mvua yatakayopita. Mdomo wa moshi ukae juu ya ule wa hewa, si chini yake, umbali wa sentimita 30 au zaidi kama kitabu hakisemi vingine. Ikikaribiana, au yote ikiwa imefichwa kwenye kona chini ya upenu, hita huvuta moshi wake yenyewe. Moshi huo umejaa maji na asidi, nao huozesha feni na kichomeo kutoka ndani.

*Njia.* Huru kuliko zote. Unaweza kupita mita kadhaa, kupinda, kupanda paani au kutokea ukutani. Hesabu kila kiwiko cha nyuzi 90 kama mita moja ya bomba na cha nyuzi 45 kama nusu mita, halafu linganisha jumla na kikomo cha kitabu. Usipeleke mdomo mmoja mashariki mwa nyumba na mwingine magharibi. Upepo ukisukuma upande mmoja, moto hupepesuka na kuzimika.

*Umeme.* Feni na bodi hutumia wati 30 hadi 60 hivi. Kidogo, lakini umeme ukikatika hakuna maji ya moto. Inverta inaweza kusaidia, ila iwe ya wimbi safi (pure sine wave) na waya wa ardhini uwe umeungwa sawasawa, kwa sababu bodi nyingi huutambua moto kwa mkondo mdogo unaopita kwenye mwali hadi ardhini. Pasipo ardhi nzuri, hita huwaka sekunde chache na kuzima.

*Kinachoharibika.* Viungo ni vingi, hivyo raba ni nyingi. Wakati wa kuunganisha lainisha raba kwa maji ya sabuni; mafuta ya kujipaka na grisi huzifutua. Halafu kuna kishawishi cha bomba la kijivu la maji machafu, ambalo kila duka la vifaa pale Nakasero linalo. Kwa bomba la hewa linafaa kabisa. Kwa moshi halifai: PVC hiyo hulainika kwenye nyuzi 75 hadi 80, na moshi wa hita ya kawaida una joto linalokaribia au kuzidi mara mbili ya hilo. Kwa hita ya kondensi tumia polipropilini iliyotengenezwa kwa moshi. Kwa hita ya kawaida, alumini au chuma kisichoshika kutu.

*Inamfaa* mwenye hita iliyo mbali na ukuta wa nje, au nyumba ambayo mdomo wa moshi lazima upelekwe paani ili usiwapulizie majirani.

Njia ya tatu: bomba ndani ya bomba

*Maji.* Bomba la ndani, kwa kawaida la milimita 60, hutoa moshi. La nje la milimita 100 huleta hewa kuzunguka lile la ndani. Hewa baridi inayoingia huupoza moshi unaotoka. Kwa hita ya kondensi hilo ni jema. Kwa hita ya kawaida yenye bomba refu, moshi unaweza kuanza kuacha maji kabla ya kufika nje, na ndiyo sababu watengenezaji wengi hudai kipande cha kukusanyia maji pale bomba linapopanda wima au kupita urefu fulani. Bomba fupi la mita moja ukutani halina shida hiyo. Literemke kidogo kuelekea nje kwa hita ya kawaida, au sentimita 5 kwa mita kurudi ndani kwa ya kondensi.

*Hewa.* Kwa sababu hewa hupashwa joto njiani, bomba la nje halitoi jasho sana. Tena kiungo cha ndani kikiachia, moshi hauingii chumbani, huvutwa na hewa na kurudi kwenye moto. Usalama huo una upande wake wa pili: uvujaji hauonekani. Hita huvuta unyevu wake miezi mingi, kichomeo kinashika kutu, mwali unakuwa wa njano, na kwa nje bomba linaonekana jipya. Njia ya kuujua ni kumwita fundi mwenye kipima moshi, aingize kimrija chake kwenye nafasi ya hewa kupitia kitobo cha kupimia hita ikiwa inawaka. Hewa safi ina oksijeni asilimia 20.9. Ikisoma chini ya 20.6, kiungo cha ndani kimeachia.

*Njia.* Tundu moja la milimita 110 hadi 120 ukutani na kazi imekwisha. Urefu ni mdogo: nyingi za kipimo cha 60/100 huishia mita chache tu, viwiko vikihesabiwa, na mwinuko unaweza kupunguza zaidi. Kipimo cha 80/125 huenda mbali zaidi.

Kando ya ziwa, Entebbe na Jinja, chunguza mdomo wa nje kwa karibu. Pete ya hewa, yaani nafasi kati ya bomba la ndani na la nje, ina upana wa sentimita mbili tu, na nzi wa ziwani wakija kwa makundi hufuata taa. Ukifunga taa ya ulinzi juu ya mdomo huo, asubuhi utakuta pete imejaa, nzi wamegandamana na unyevu wakawa tope jeusi. Sogeza taa mbali. Wavu wa matundu madogo haufai, unaziba upesi kuliko pete yenyewe. Bara nako nyigu hujenga kwa udongo ndani ya pete kama hita imekaa wiki kadhaa bila kutumika, na vumbi la murramu hujaa wakati wa kiangazi.

*Umeme.* Sawa na njia ya pili.

*Kinachoharibika.* Viungo ni vichache, basi na makosa ni machache. Kasoro yake ni vipuri: kila kampuni ina kipande chake cha kuungia kwenye hita, na cha kampuni nyingine mara nyingi hakikai. Nunua bomba, kiwiko na raba za akiba pamoja na hita siku ile ile. Fundi wa bati hawezi kukukunjia hivi.

*Inamfaa* mwenye hita kwenye ukuta wa nje, chumba kidogo kisichoweza kutobolewa matundu, au nyumba iliyozungukwa na shughuli za kufulia na kupaka rangi.

Kuhusu gharama na maji ya asidi

Dohani ya wima ni rahisi kununua, lakini kipande cha kuta mbili na kazi ya paa hula sehemu kubwa ya akiba hiyo. Bomba ndani ya bomba ni ghali kwa mita na nafuu kwa kazi. Mabomba mawili hutegemea urefu, na kila kiwiko ni pesa.

Maji ya hita ya kondensi yana utaratibu wake. Jaza trapu maji safi kabla ya kuwasha mara ya kwanza, la sivyo moshi utatokea huko. Tumia bomba la plastiki, si la chuma wala shaba, literemke mfululizo. Kabla ya kwenda shimoni yapite kwenye ndoo au kopo lenye kokoto za chokaa. Mawe ya chokaa yanapatikana, viwanda vya saruji vya Tororo na Hima huyatumia. Kokoto huyeyuka polepole, kwa hiyo ziangalie kila miezi sita na uongeze. Na maji hayo yasielekezwe kamwe kwenye mfereji wa paa unaojaza tangi la mvua mnalokunywa.

Ishara ambazo hazisubiri fundi wa wiki ijayo

Mwali wa njano, masizi kwenye kava ya hita, vioo vya chumba kuloa jasho kila hita inapowaka, kichwa kuuma au kichefuchefu kwa watu wawili au zaidi kwa pamoja: zima hita, funga valvu ya mtungi, fungua madirisha, toeni watu nje. Bomba lililozibwa na maji hurudisha monoksidi ya kaboni ndani, na gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ving'ora vya kuigundua vipo. Funga kimoja karibu na vyumba vya kulala, njia yoyote utakayochagua.

Nyumba yako ni ipi?

Umeme unakatika mara kwa mara na huna inverta, nyumba ni ya chini, na una mahali penye hewa nje ya vyumba vya kulala: dohani ya wima, yenye kuta mbili kuanzia darini kwenda juu. Kama mnatumia maji ya moto kwa vipindi vifupi vifupi, usiache kuweka tii ya maji chini.

Uko Kabale, Kisoro au Kapchorwa, asubuhi ni baridi na hita imefungwa kwenye ukuta wa nje: bomba ndani ya bomba, fupi kadiri iwezekanavyo. Ukilazimika kutumia mabomba mawili, bajeti ya sponji iingie siku ya kwanza, na swali la mwinuko liulizwe dukani kabla ya kulipa.

Uko kando ya ziwa: mabomba mawili yenye mdomo mpana wa hewa unaoelekea chini husafishwa kwa urahisi kuliko pete nyembamba. Kama tayari una bomba ndani ya bomba, ondoa taa na usafishe pete kila baada ya wimbi la nzi.

Hita iko katikati ya nyumba, mbali na ukuta: mabomba mawili, au uhamishe hita. Mara nyingi kuhamisha hita mita tatu na kurefusha bomba la maji ni nafuu kuliko mita nane za bomba la moshi lenye viwiko vinne.

Unajenga upya na hujafunga chochote: fikiria pia hita iliyotengenezwa kukaa nje ukutani, isiyo na bomba refu kabisa. Kwetu barafu haigandishi mabomba, kwa hiyo njia hiyo inawezekana Uganda kuliko huko hita hizi zinakotoka. Iwe kweli ya nje, iliyoandikwa hivyo na mtengenezaji, iwe mbali na madirisha, na ikingwe mvua ya ubavu. Ya ndani iliyotundikwa nje chini ya upenu huoza mapema na huzimwa na upepo.

Umepanga nyumba na dohani ya bati imekwisha kutoboka: usizibe matundu kwa silikoni ya kawaida wala tepu, hazihimili joto hilo na zitaachia ukiwa umelala. Ipige picha dohani umtumie mwenye nyumba, acha kuitumia, na mkubaliane kipande cha kuta mbili kabla mvua za Machi hazijaanza.